Pembe Ndogo kwa Bega Dogo

Wako wazazi wengi wawapendao watoto wao kwa mapenzi yasiyo na shaka, lakini mapenzi hayo huyatoa kwa mkono mzito mno. Leo twapenda kuzungumza nao, na mazungumzo yetu yataanza na habari ya baiskeli moja.

Hivi karibuni tulipokuwa mjini Tabora tulikutana na ndugu mmoja, mfanyakazi wa reli, mtu wa makamo na mwenye heshima zake. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa aliyotusimulia aliyasimulia kwa kuaminiana, naye ameturuhusu tuyaandike ili wengine wapate kujifunza. Ana mwana wa kiume mwenye umri wa miaka 14. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, baba na mwana waliyafuatia pamoja. Kijana akapendezwa. Baba akapendezwa zaidi. Maana Kigali, ukipima kwa mstari ulionyooka, iko karibu na Tabora kuliko Dar es Salaam, naye alijiambia kwamba jambo lililofika karibu namna hiyo laweza hata kuingia nyumbani kwake. Akadunduliza mshahara wake, akamnunulia kijana baiskeli.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha tupu. Kijana alitoka asubuhi na rafiki zake, wakapita chini ya miembe ya njia ya Kwihara, wakarudi na vumbi hadi kwenye nyusi na hadithi zisizokwisha. Baba alipoona hivyo akasema moyoni, “Huyu ana kipaji, asipoongozwa atakipoteza.” Basi akaanza kumwongoza. Akaazima pikipiki ya jirani, akamfuata kijana kwa nyuma na saa mkononi, kutoka mjini hadi Kwihara, kiasi cha kilometa 6, na kurudi. Siku ya pili akamtaka apunguze dakika mbili. Siku ya tatu akamtaka apunguze mbili nyingine. Rafiki zake wakaambiwa wabaki nyuma, kwa sababu walikuwa wakimchelewesha. Na Jumapili, iliyokuwa siku ya kupumzika, ikageuka kuwa siku ya safari ndefu kuliko zote.

Haukupita muda baiskeli ikaanza kupata pancha. Kila ilipofika saa ya mazoezi, gurudumu la nyuma lilikuwa limelala chini. Baba akanunua tairi jipya, na pancha zikaendelea. Mwisho akaipeleka baiskeli kwa fundi afanyaye kazi chini ya mwembe. Fundi akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha katika karai la maji na kuuzungusha polepole mara mbili. Hakikutoka hata kipovu kimoja. Fundi akaufuta maji, akamtazama baba, akasema, “Mzee, mpira huu ni mzima. Upepo unatolewa kwa mkono.”

Ndugu yetu alituambia kwamba alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, wala hakuipanda, na njia nzima alijiuliza swali moja: yawezekanaje mtoto aliyekuwa akiiota baiskeli usiku, sasa aamke usiku kuitoa upepo?

Sisi twaona kwamba swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko papo hapo Tabora, katika njia ile ile aliyokuwa akishindanishwa kijana na saa ya baba yake.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya nchi hii ilikuwa njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo, pamoja na kituo cha Kwihara, katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe urithi wa dunia. Wapagazi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mzima alijitwika kiasi cha ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, akaenda nao kwa miezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na mwenziwe John Speke, alikuwa ametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani.

Burton huyo aliona jambo ambalo twataka kila mzazi alifikiri. Aliandika kwamba kwa Wanyamwezi safari ya upagazi ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba tamaa ya safari iliwaingia watoto tangu uchanga, hata mtoto wa miaka sita au saba alionekana akibeba pembe ndogo ya ndovu begani. Yafaa tuutazame ukubwa wa pembe ile. Wazee wale walijua uzito wa mzigo wa mtu mzima kuliko sisi tunaousoma vitabuni. Lakini kwa mtoto ilitafutwa pembe ndogo, ya kadiri ya bega lake, naye akaibeba kwa kujivunia, akatamani siku atakapopewa kubwa. Laiti angalitwikwa ratili 70 siku ya kwanza, angalianguka, na hamu ya safari ingalianguka pamoja naye.

Iko na sheria nyingine ya misafara ifaayo kukumbukwa. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, ndiye kiongozi wa njia, naye ndiye aliyeupima mwendo. Mpagazi yeyote aliyempita kirangozi alitozwa faini. Watu wenye nguvu kuliko yeye hawakukosekana, lakini walikatazwa kupita, kwa sababu shabaha ya safari ilikuwa watu wote na mizigo yote ifike. Na msafara ulianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kwenda tena mchana, mwendo waliouita terekeza, kulifanywa kwa dharura tu, kama vile katika pori la Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa mbali. Hakuna msafara uliofanya terekeza kila siku, maana wapagazi wangalitupa mizigo na kutoroka usiku. Kijana wetu naye alikuwa amewekwa kwenye terekeza kila siku, Jumapili zikiwamo. Hakuwa na mahali pa kutorokea, basi akafungua upepo.

Hatusahau kwamba njia hiyo hiyo iliwapitisha pia watu waliofungwa minyororo na makongwa, waliokwenda si kwa hiari yao. Hatusemi kwamba kijana anayeharakishwa na baba yake yu katika hali ya watu wale. Kusema hivyo kungekuwa kuwavunjia heshima. Twasema tu kwamba wakazi wa njia hii wanajua, kuliko watu wengine, kwamba umbali peke yake si sifa. Baina ya aendaye kwa hiari na aswagwaye pana tofauti kubwa kuliko mwendo wote wa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo.

Watakuwapo watakaotujibu kwa methali, na methali zao ni za kweli. Watasema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Watasema tena, “Mchelea mwana kulia hulia yeye.” Sisi hatuna ugomvi na wahenga. Lakini mhenga alisema samaki akunjwe, hakusema avunjwe. Na kilio alichotutahadharisha nacho ni kile cha mtoto anayekatazwa jambo baya au anayehimizwa wajibu wake. Kwenda shule ni wajibu. Kuwasaidia wazazi kazi za nyumbani ni wajibu. Adabu kwa wakubwa ni wajibu. Katika mambo hayo mzazi asilegee hata kidogo. Lakini baiskeli ya Jumamosi ni mchezo, na mchezo ukikosa furaha hubaki kazi isiyo na ujira. Hakuna mfanyakazi hata mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ambaye angaliikubali kazi ya namna hiyo.

Na hapa twapenda kusema neno na wafanyakazi wenzetu waziwazi. Misafara ya zamani ilikuwa na wanyapara, na jina hilo tunalo hata leo katika viwanda na mashamba. Sote twajua ilivyo kufanya kazi huku mtu amesimama nyuma yako ameshika saa. Twajua jinsi mkono unavyokuwa mzito, na jinsi akili inavyoacha kuifikiri kazi ikaanza kumfikiri msimamizi. Je, si ajabu kwamba mtu anayemlalamikia mnyapara kazini mchana kutwa arudi nyumbani jioni akawe mnyapara wa mwanawe? Ndugu yetu wa Tabora ndiye aliyetuambia maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, akacheka, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Tena wako wasemao, “Mabingwa hawakupatikana kwa kubembelezwa.” Basi tumtazame bingwa mmoja aliyeanzia katika Afrika Mashariki hii. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa mvulana mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya aliyewakusanya vijana nyumbani kwake katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Huko alikuta kundi la vijana waliokwenda pamoja vilimani, na waliojifunza kuzitengeneza baiskeli zao kwa mikono yao. Froome hakuwa mshindani wa kulipwa mpaka mwaka 2007, na alishinda Tour de France kwa mara ya kwanza mwaka 2013, naye yu mtu wa miaka 28. Baadaye akashinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017. Tangu siku za Mai-a-Ihii hadi ushindi wa kwanza ilipita zaidi ya miaka 15. Kijana aliyechoshwa akiwa na miaka 14 atayatoa wapi mapenzi ya kudumu miaka 15?

Na hayo mashindano ya Kigali yenyewe yana fundisho kwa asikiaye. Mbio kuu ya wanaume ilikuwa ya zaidi ya kilometa 260, tena katika vilima vikali. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, nao ndio wateule wa dunia nzima, wenye madaktari na mafundi wao. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Wengine wote walishuka njiani, na hakuna aliyewaita wavivu. Ikiwa mabingwa wa dunia huruhusiwa kusema, “Leo nimefikia mwisho wangu,” mtoto wa Tabora anyimwe ruhusa hiyo kwa nini?

Lakini kukataza tu hakutoshi. Mzazi atauliza, na ana haki kuuliza: nifanyeje basi, ili mwanangu aipende baiskeli na impatie afya?

Kwanza, baiskeli na iwe ya kadiri yake. Sote tumewaona watoto wanaopitisha mguu katikati ya fremu ya baiskeli kubwa ya baba, wakaiendesha kwa upande mmoja kama kaa. Huo ni ujasiri, na wengi wetu tulijifunza hivyo hivyo, lakini si mahali pa kumweka kijana kila siku. Akikaa kitini, na pedeli ikiwa chini kabisa, mguu wake uwe karibu kunyooka huku goti limekunjika kidogo. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti. Kilicho juu mno humyumbisha kiuno. Kijana wa miaka 14 mifupa yake ingali inakua, na zile sehemu za mfupa zinazokua, zilizo karibu na viungo, ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Akisema goti linamwuma, aaminiwe, apumzishwe.

Pili, mzazi aitazame siku nzima ya mtoto, wala si saa ya mazoezi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa nguvu za kadiri au zaidi. Basi mtoto aendaye shule kwa baiskeli na kurudi, kisha akachota maji kwa madumu, huenda ameshatimiza sehemu kubwa ya dakika hizo kabla baba hajatoka kazini. Na kwa vijana walio katika mashindano, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri siku moja au mbili za mapumziko kila juma. Hata Burton na Speke, walipofika Kazeh, walikaa pale zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea kwenda Ujiji. Mtoto akianza kukosa usingizi, au kuugua mara kwa mara, au kutafuta visingizio saa ya kuondoka, hizo ni dalili za kumpumzisha, wala si sababu za kumkemea.

Tatu, apewe mahali pa kwenda. Mtu mzima aweza kwenda na kurudi kwa ajili ya dakika. Kijana hutaka kufika mahali. Na aende Kwihara kuitazama nyumba alimokaa Livingstone mwaka 1872. Na aende bwawa la Igombe pamoja na wenziwe. Na atumwe kwa shangazi kupeleka salamu na kurudi na maembe. Atakwenda mwendo ule ule ambao angaulilia lau angalipimiwa kwa saa, wala hatajua kwamba amefanya mazoezi.

Nne, afundishwe kuitunza. Kijana awezaye kubandika kiraka, kukaza breki na kutia mafuta mnyororo anajua kwamba baiskeli ni yake. Nusu saa kwa fundi chini ya mwembe yafaa kuliko mahubiri ya juma zima. Katika ulinzi wa barabarani, lakini, mzazi asilegee: breki ziwe nzima, kofia ngumu ivaliwe kila iwezekanapo kupatikana, taa na kiakisi mwanga viwepo jioni, na barabara ya malori iepukwe. Huko ndiko kwa kutumia ukali.

Tano, mzazi akitaka kwenda pamoja naye, na apande baiskeli yake mwenyewe, amwache mtoto awe kirangozi. Mtoto akienda polepole, naye aende polepole. Akisimama kutazama ndege, naye atazame. Lau ile faini ya kumpita kirangozi ingalikuwapo hata leo, wazazi wengi tungalikuwa na deni kubwa.

Na tuongeze kwamba haya yote twayasema juu ya mabinti kama tunavyoyasema juu ya wavulana. Kwa wavulana kosa letu huwa kuwasukuma mno. Kwa mabinti huwa kuwazuia mno, tukidai kwamba baiskeli si mambo yao. Makosa hayo mawili ni ndugu. Katika yote mawili mkubwa ameamua peke yake safari ya mtoto, pasipo kumwuliza anapenda kufika wapi.

Tulimwuliza yule ndugu alifanyaje baada ya kutoka kwa fundi. Alisema hakumgombeza kijana, wala hakumwambia kwamba siri yake imejulikana. Saa aliitia sandukuni, na pikipiki akairudisha kwa jirani. Usiku ule alimpa kijana pampu na kumwambia, “Mwanangu, hii iwe kwako. Gurudumu likijaa ni shauri lako, lisipojaa ni shauri lako.” Kijana aliitikia, “Ndiyo, baba,” asiseme jingine. Baiskeli ikakaa ukutani siku nyingi, gurudumu la nyuma limelala. Baba alikiri kwamba siku zile zilimwia ngumu kuliko zamu yoyote ya usiku aliyopata kuifanya. Kila alipopita pale ukutani mkono ulimwasha, na kila mara aliuzuia.

Jumamosi moja alipoamka, ukuta ulikuwa mtupu. Kijana alirudi saa saba mchana pamoja na rafiki zake watatu, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba hakuuliza walitumia dakika ngapi. Aliuliza tu kama wamekula.

Hatujui kama kijana yule atashindana siku moja Mwanza, au Kigali, au popote pale. Wala baba yake hajui, na sasa ameridhika kutojua. Lakini twajua kwamba gurudumu limejaa, na kwamba mkono ulioujaza ule upepo ni wa mwenye baiskeli. Basi, ninyi wazazi mlio na vijana na mlio na matumaini makubwa juu yao, lipimeni bega kwanza, ndipo mtafute pembe.